Bibi Anataka Kumchukua Mwanangu kwa Sababu ya Simu

BARUA

Shikamoo dada.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka 3 na miezi 2. Naishi Nzuguni, hapa Dodoma, na ni mtumishi katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Nilikuja huku mwaka 2019 nikitokea Dar es Salaam, ofisi yetu ilipohama. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita. Anakuja kila baada ya wiki sita au nane, anakaa siku chache, anaondoka. Kwa hiyo nyumbani tuko watatu: mimi, mtoto, na dada wa kazi, binti wa miaka 20 ambaye kwa kweli namshukuru Mungu kwa ajili yake, ni msafi na ana heshima.

Likizo ya uzazi ilipoisha, zile siku 84, mtoto nilimwacha na dada wa kwanza. Huyo aliolewa, akaja mwingine, naye akaondoka. Huyu wa sasa ni wa tatu. Mtoto alipokuwa na mwaka mmoja na nusu hivi niligundua kwamba akiwekewa katuni kwenye simu anatulia, anakula, na dada anapata nafasi ya kufua na kupika. Maji nayo kwetu ni ya mgao, yakitoka lazima kila kitu kisimame tujaze madumu. Alipotimiza miaka miwili baba yake akamletea kishikwambi, akasema ni cha kujifunzia. Na kweli amejifunza. Anahesabu hadi ishirini kwa Kiingereza, anataja rangi zote kwa Kiingereza, anaimba herufi. Baba yake akipiga simu anamwambia ahesabu, wenzake wanasikia, anafurahi sana.

Lakini dada, mwanangu akitaka maji hasemi. Anamshika dada mkono anampeleka kwenye ndoo. Maneno yake ya Kiswahili ni ya kuhesabika: mama, dada, baba, simu, hapana, njoo, na mengine kidogo. Mara mojamoja anaunganisha mawili, "mama simu", "baba njoo". Akiwa anaangalia katuni nikimwita jina hageuki, naweza kuita hata mara tano. Hali mpaka kishikwambi kisimamishwe mbele ya sahani. Halali mpaka usingizi umchukue nacho mkononi, saa 4 usiku. Bando naweka la wiki, na wiki haliimalizi.

Mwezi wa sita mama mkwe wangu alikuja kutoka Mpwapwa baada ya mavuno, akakaa wiki tatu. Siku ya pili tu, wakati wa chakula cha mchana, alikichukua kishikwambi akakifungia kwenye begi lake. Mtoto alilia mpaka akatapika. Dada alinipigia kazini, naye analia. Niliporudi jioni nilikuta nyumba imenuna. Nilimwomba mama kishikwambi, nikampa mtoto. Mama hakusema kitu.

Siku kadhaa baadaye umeme ulikatika jioni. Mama alimpakata mtoto barazani, akawa anamsimulia hadithi ya sungura na fisi, Kiswahili kikichanganyika na Kigogo. Mtoto alitulia, mpaka nikashangaa. Katikati ya hadithi mama akashikwa na kikohozi, akanyamaza. Mwanangu akainua kidole, akambonyeza bibi yake hapa kifuani, kwenye kitenge, akasubiri. Kisha akabonyeza tena. Dada yangu, alikuwa anambonyeza bibi yake kama video iliyokwama. Mama alikiangalia kile kidole, halafu akaniangalia mimi. Niliingia ndani nikalia.

Kesho yake akampigia mwanawe: "Mtoto mmempa simu imlee. Nipeni mimi nikae naye mpaka aanze shule, atakaa sawa." Mume wangu ameona ni wazo zuri, anasema hata yeye alilelewa kijijini na hakukosa kitu. Wamepanga mama aje kumchukua mwezi wa tisa.

Mimi sijasema ndiyo wala hapana. Nikisema hapana nitaonekana mkwe jeuri, nimeshindwa kulea na msaada nao naukataa. Nikisema ndiyo, sijui jioni nitakuwa narudi kwenye ile nyumba kufanya nini. Nimewaza kuacha kazi, lakini nina mkopo wa benki na wadogo zangu wawili wanasoma kwa mshahara huo huo. Jioni nauza ubuyu na karanga kwa simu, nikirudi najibu wateja, ndiyo inatusogeza. Nimewaza kukivunja hicho kishikwambi. Ofisini mmoja ananiambia nimpeleke kituo cha kulelea watoto, mwingine akasema nimpeleke hospitali, huenda ana usonji. Tangu aliposema hilo neno sijalala vizuri.

Je, nimemharibu mwanangu? Na nimwachie bibi yake?

Mama wa Mmoja, Nzuguni

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kazi, na pole zaidi kwa hizo usiku usizolala.

Umeniuliza maswali mawili, lakini ukiyasoma tena utaona umeyafunga kamba moja: ikiwa nimemharibu, basi sina haki ya kukaa naye. Naomba tuifungue hiyo kamba kwanza. Mama anaweza kuwa na mtoto anayehitaji msaada mkubwa wa kuongea na bado akawa ndiye mtu anayemfaa mtoto huyo kuliko wote. Na mama anaweza kumpeleka mtoto kwa bibi kwa sababu nzuri kabisa, bila kuwa ameshindwa chochote. Uamuzi wa mwezi wa tisa usije ukafanywa na aibu ya siku ile barazani.

Nianze na hilo neno lililokunyima usingizi. Kwa barua mimi siwezi kujua kama mwanao ana usonji, na mwenzako wa ofisini naye hawezi kujua. Ninachoweza kukuambia ni kwamba usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana katika maisha ya mtoto, na si katuni inayouleta. Ila mtoto wa miaka 3 kwa kawaida anaunganisha maneno matatu na zaidi na anaomba vitu kwa maneno, kwa hiyo mwanao anastahili kuangaliwa na mtaalamu, na sioni sababu ya kusubiri. Chukua kadi yake ya kliniki, nenda, eleza ulivyonieleza mimi, omba rufaa kama wataona inafaa. Dodoma ina hospitali ya rufaa ya mkoa na ina Benjamin Mkapa, huna haja ya kusafiri mbali. Omba wapime masikio pia. Mara nyingi watu hulisahau sikio, na mtoto asiyesikia vizuri atapenda kioo kuliko mtu, kwa sababu kioo hakimtaki asikie.

Kabla ya siku hiyo mchunguze wewe mwenyewe, kishikwambi kikiwa kimezimwa. Ukimwita jina anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole, ndege, gari, ili na wewe ukione? Anapika mchanga na kujifanya anakula? Yapo maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Majibu yake yaandike, mpelekee daktari. Umeniambia hageuki akiwa kwenye katuni. Hujaniambia anafanyaje akiwa hayupo kwenye katuni.

Sasa turudi kwenye kile kidole, maana nimekaa nacho siku nyingi.

Wewe uliona aibu. Ulimwona mtoto aliyemgeuza bibi yake kuwa simu. Mama mkwe wako huenda naye aliona hivyo hivyo. Mimi naomba ukiangalie tena kile kidole polepole. Mtoto ambaye hali bila katuni alikaa gizani akasikiliza hadithi nusu nzima. Hadithi ilipokatika hakushuka mapajani, hakwenda kutafuta kishikwambi, hakulia. Alitaka iendelee. Akatumia njia pekee aliyofundishwa ya kusema "endelea", kisha akasubiri. Akabonyeza tena, akasubiri tena. Mdogo wangu, hayo ni maongezi. Alikuwa anamwomba bibi yake. Alichokosa ni neno tu, na neno hufundishika.

Na kwa nini hana neno? Hapo ndipo ninapotaka uelewe kishikwambi kinafanya nini, badala ya kukichukia tu. Kaa siku moja pembeni yake uangalie zile katuni za kuhesabu. Mhusika anauliza, mpira uko wapi? Ananyamaza sekunde mbili. Halafu anashangilia, hongera, umepata! Anashangilia mtoto akijibu, anashangilia asipojibu, anashangilia hata mtoto akiwa amesinzia. Mtoto anapokea rangi na namba, lakini hapokei kile kinachomfanya mwanadamu aongee: kwamba nikitoa sauti, kuna mtu anabadilika. Watafiti wa ukuaji wa watoto wamelionyesha jambo hili mara nyingi, kwamba mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka miwili na nusu, hujifunza haraka zaidi kitu akionyeshwa na mtu aliye mbele yake kuliko akionyeshwa kitu kile kile kwenye video.

Wataalamu wetu wana jina zuri kwa kile ninachokisema: malezi yenye mwitikio. Limo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma Desemba 2021. Linasimama pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama, kama mambo matano ambayo mtoto hawezi kukosa mojawapo. Mwitikio. Mtoto anaita, mtu anaitika.

Kwa hiyo Kiingereza chake wala kisikutishe. Hakuna ubaya mtoto kusikia lugha mbili au tatu, watoto wengi wa nchi hii hukua hivyo. Kigogo cha bibi, Kiswahili chako, Kiingereza cha shule, vyote vitaingia. Tatizo ni kwamba Kiingereza alicho nacho mwanao hakina mtu ndani yake. Amekariri namba, lakini hana wa kumwambia "nipe viwili".

Yale masaa ya skrini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, bila shaka umeshayasikia. Mwongozo wao wa Aprili 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 ni vema asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Huwa watu wanaishia hapo, wanajipiga kifua au wanajificha. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuruka, kukimbia na kuchezacheza kwa siku, na usingizi wa saa 10 hadi 13. Ukiangalia hivyo, lile suala la kuhesabu dakika za katuni linageuka. Swali linakuwa: katika nyumba yenye geti Nzuguni, na jua hili letu na upepo wa vumbi wa Julai, mtoto anakimbilia wapi, na nani?

Hapa siwezi kukulaumu hata kidogo. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma baada ya 2016, watu walikuja na vitanda na makabati yao. Hawakuja na shangazi zao. Mitaa mizima imejaa watumishi wanaosalimiana kwa honi ya gari. Zamani mama akienda kisimani mtoto alibaki kwa jirani, na jirani alikuwa anaongea. Wewe ulibaki na msichana mmoja, madumu ya maji na siku 84. Kishikwambi kilikuta nafasi iko wazi, kikakaa. Ndiyo maana hofu yangu ni kwamba ukikivunja leo ile nafasi itabaki pale pale, na kesho kitakaa kitu kingine.

Na kabla hujakivunja, fikiria jambo hili: kwa mwanao, baba anaishi humo. Kwa miaka yote mitatu sura ya baba yake ameiona kwenye kioo kuliko ana kwa ana. "Baba njoo" amejifunzia wapi kama si hapo? Hata madaktari wa watoto wa Marekani, ambao walikuwa wakali kuhusu skrini kwa watoto wa chini ya miezi 18, waliacha mlango mmoja wazi, nao ni kuongea na ndugu kwa video. Kwa sababu baba anaitika. Mwombe mume wako kitu kimoja, kwa upole, maana anampenda mwanawe na anajivunia: asimwambie ahesabu. Amuulize leo umekula nini, halafu anyamaze, asubiri, hata kama kimya kitakuwa kirefu na bando linakwenda. Mtoto akitoa sauti yoyote, aipokee.

Sasa Mpwapwa.

Mama mkwe wako ameona kweli. Kijijini kuna binamu, kuna kuku wa kufukuza, kuna uwele wa kupepeta, na kila anayepita anamsalimia mtoto na kungoja aitikie. Kwa mtoto anayetafuta maneno hiyo ni shule nzuri kuliko nyingi zenye ada. Na bibi ambaye mtoto alitulia mapajani mwake gizani si bibi wa kumchezea. Nakuomba usimsikilize kama mtu anayekushtaki. "Nipeni mimi nikae naye" lilikuwa pia neno la mtu aliyempenda.

Lakini kutoka Septemba mpaka darasa la awali akitimiza miaka 5 ni karibu miaka miwili, na kwa mtoto wa miaka 3 huo ni umri mzima. Nakueleza jambo langu mwenyewe. Nililelewa na bibi Kondoa tangu nikiwa na miaka mitatu, mama akiwa kazini mbali. Bibi alinipenda, sikukosa chochote. Mama alipokuja mara ya kwanza aliniletea viatu vyekundu vya kufunga kwa kamba. Nilivipokea, nikamkimbilia bibi jikoni, nikamuuliza, yule mgeni anaondoka lini? Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Tulipatana baadaye, lakini yeye alinisimulia siku hiyo mpaka alipokuwa mzee. Sisemi hili ili nikuzuie. Mume wako naye ana habari yake ya kulelewa kijijini na ni nzuri, na yeye hasemi uongo. Ila mwanao ameshaachwa na madada wawili ambao huenda kwake walikuwa watu wa kwanza duniani, na baba anakuja na kuondoka. Muwekeni hilo mezani mnapozungumza. Na kuna mambo ya kawaida kabisa ya kuuliza: bibi afya yake ikoje, kile kikohozi ni cha vumbi au ameenda kupima? Nani atamchotea maji? Na binamu wakubwa hawana simu?

Ukipima, usipime kana kwamba kuna ndiyo na hapana tu. Mpwapwa si mbali. Kuna kumpeleka mwenyewe na kukaa naye likizo yako ya mwaka, umwone anavyokuwa huko, nawe ujifunze kwa mama namna anavyomsikiliza. Kuna kumwachia wiki chache na kwenda kila mwisho wa juma. Kuna pia kumwomba mama arudi yeye Nzuguni: mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kati ya kuvuna na kuandaa shamba ana nafasi kidogo. Hiyo ya mwisho ina ugumu wake, na unaujua. Wanawake wawili jiko moja, na dada katikati hajui amtii nani. Na kuna siku ile ulipokitoa kishikwambi kwenye begi lake. Nadhani hamjawahi kuizungumza. Labda hiyo ndiyo ianze, kabla ya mtoto kwenda popote. "Mama, siku ile nilikuvunjia heshima, nilikuwa nimechanganyikiwa." Sijui kama unaweza kulisema. Wewe ndiye unayemjua.

Kituo cha kulelea watoto kinaweza kumpa wenzake wa kucheza nao, hata kama ni nusu siku na dada anamfuata mchana. Hakikisha kimesajiliwa kwa ustawi wa jamii, uliza walezi wangapi kwa watoto wangapi, na ukifika usikae ofisini, ingia chumba cha watoto. Kama runinga iko ukutani na watoto 20 wamekaa kwenye mkeka wanaitazama, utakuwa umemhamisha tu kioo.

Na nyumbani? Ukiamua kupunguza, kuna njia ya kukata siku moja na njia ya kupunguza mahali pamoja pamoja. Kukata kuna wanaoweza, hasa kukiwa na mtu wa kukaa na mtoto siku zile tatu nne za kilio. Hatari ni kuanza na kukatisha katikati, maana siku ile mtoto alijifunza kwamba akilia mpaka atapike kitu kinarudi. Alijifunza kwa haki, hakukosea. Njia ya polepole unaweza kuianza kwenye chakula cha usiku, ambapo wewe upo. Mtoto anayekula akitazama katuni hasikii tumbo likishiba wala ladha ya mlenda. Au uanze na saa ya mwisho kabla ya kulala. Kuhusu kishikwambi chenyewe, kuna ile hali ambapo video moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe. Izime. Pakua vipindi vitatu vinne, uzime data. Video iliyopakuliwa ina mwisho, na mtoto anahitaji kitu chenye mwisho ili ajifunze kusimama. Vya Kiswahili vipo: shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha katuni zake kwenye runinga mwaka 2014, na lina kipindi cha watoto wa umri wa mwanao. Vikiangaliwa na mtu pembeni anayesema "eeh, ona, amefanyaje?" vinakuwa kitu kingine kabisa.

Mtu huyo wa pembeni mchana ni dada. Umesema ni msafi na ana heshima. Sijasikia anapenda kuimba nini, kwao wanasimulia hadithi gani, au kama kuna aliyewahi kumwambia kwamba kuongea na mtoto ni sehemu ya kazi, tena sehemu kubwa kuliko kufua. Huenda anadhani nguo zisipokauka ataulizwa, lakini mtoto asipoongea hataulizwa. Kaa naye Jumamosi mchambue mchele pamoja, mtoto katikati, ungo mapajani. Hili jiwe, tupa. Hii pumba, puliza. Huu mchele, weka. Atatawanya, na kazi ya dakika kumi itachukua nusu saa. Basi mruhusu dada achelewe kupika, mwambie kwa mdomo wako kwamba unaruhusu. Maji yakitoka, mtoto apewe kopo lake dogo na yeye ajaze.

Nimebakiza jambo moja, nawe uniwie radhi. Umeandika kwamba jioni ukirudi unajibu wateja wa ubuyu na karanga. Umeliandika kwa sentensi moja ukalipita. Unafika saa 12 au saa 1, mtoto analala saa 4. Ni kama saa tatu, na ndizo mlizo nazo. Katika saa hizo simu yako wewe inakuwa wapi? Siulizi ili uache biashara, najua inasomesha watu. Nauliza tu kama wateja wanaweza kusubiri mpaka mtoto alale, na kama saa yake ya kulala inaweza kurudi nyuma ili na wewe ubaki na usiku wako. Huenda watakaochelewa kujibiwa watanunua kwa mwingine, hiyo ni hasara ya kweli na wewe ndiye wa kuihesabu.

Nenda kliniki wiki hii. Uamuzi wa Septemba una muda, na mkiwa watatu, wewe, mume wako na mama, mnaweza kuuahirisha mpaka daktari aseme.

Na hukuniambia kama bibi aliimalizia ile hadithi. Kikohozi kilimkatiza sungura katikati. Mpigie jioni ya leo, simu ya kawaida, sauti tu, umpakate mtoto pale pale barazani, umwambie, mama, tumekuja kusikia fisi alifanywaje. Na mwanao akiibonyeza simu, msemee: "Bibi, endelea."